Mkojo wa Fundi Pipi

Mimi ni fundi pipi. Sisemi muuza pipi, maana muuzaji ni yeyote mwenye meza na mwavuli, nasema fundi. Ukiishika pipi yangu ukaielekeza dirishani, utajua mtu aliye ng'ambo ya barabara amevaa shati la rangi gani. Haina ukungu, haina chenga, haina hata kipovu cha hewa. Miaka thelathini na mmoja nimechemsha sukari katika chumba hichohicho, nyuma ya duka hilohilo, na siku ambazo shira imeniharibikia nazihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Kama unasikia majivuno hapa, umesikia vizuri.

Shira haiachwi. Ikianza kuchemka unasimama nayo. Unapitisha brashi yenye maji kwenye kingo za sufuria ili punje ya sukari isibaki pale juu, kwa sababu punje moja ikidondoka ndani wakati shira imekolea, sufuria nzima inageuka chenga kabla hujamaliza kutukana. Mimi nilikuwa napika sufuria nne mfululizo, tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, na katika saa hizo saba sikunywa maji wala sikwenda chooni. Nilijizoeza tangu ujana. Mke wangu, ambaye hukaa mezani pembeni yangu akifunga pipi kwenye karatasi, alikuwa akinitania kwamba kibofu changu kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Mimi niliona ni sifa. Niliwaambia hata wateja kwamba mkojo ndio unaoningoja mimi, siyo mimi ninayeungoja.

Miaka mitatu iliyopita figo langu la kushoto lilikufa. Halikupiga kelele. Jiwe lilikaa kwenye njia yake likaziba, na maumivu ya kiuno niliyoyasikia nikayasingizia kusimama. Mwaka huu daktari akapiga picha ya figo la kulia akanionyesha vijiwe viwili, kimoja kama punje ya mchele na kingine kidogo zaidi. Daktari huyo si mtu wa maneno mengi.

"Mzee, hili ndilo lililobaki," alisema. "Likiziba nalo, utakuwa unakuja kulala kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Nataka nijue kwa nini mwili wako unatengeneza mawe. Kusanya mkojo wote wa saa ishirini na nne, upimwe."

Mara tatu kwa wiki. Nilipiga hesabu ya sufuria palepale kitini na nikaona duka limefungwa. Halafu akanipa karatasi, na karatasi ikanimaliza kabisa. Kipimo hicho kinafanyika mahali pamoja tu mjini kwetu, maabara ya chuo, na maabara ya chuo ndiko anakofanya kazi mke wa mwanangu.

Hapa niseme ukweli ingawa unanichoma. Kazi ya mkwe wangu nilikuwa naionea haya. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima, mteja wangu wa kila Alhamisi, ambaye hawezi kununua pipi robo kilo bila kukuuliza habari za ukoo mzima. Akiniuliza mkwe wako anafanya kazi gani, namjibu yuko chuoni. Akiuliza anafanya nini huko, nasema mambo ya sayansi. Sayansi gani? Ya kemikali kemikali, mwalimu, sijui nikuwekee za ndimu au za tangawizi? Kumbe najua vizuri sana. Mkwe wangu anafanya kazi ya mkojo. Anaweka matone ya mkojo chini ya hadubini, anatia hiki, anapunguza kile, halafu anakaa anatazama kama fuwele za mawe zitakua au zitatulia. Siku moja tukiwa mezani alianza kutueleza, macho yanamng'aa, nami nikamwomba anisogezee chumvi.

Dumu la lita tatu hakunipa mimi mkononi. Alimpa mke wangu, na mke wangu akaniletea. Halikuandikwa jina langu. Liliandikwa namba kumi na saba, na hiyo ilikuwa heshima aliyonifanyia. Chini ya namba palikuwa na maelekezo kwa mwandiko wake: mkojo wa kwanza wa asubuhi umwagwe, kuanzia hapo ukusanywe wote, usiachwe hata kidogo, mpaka mkojo wa kwanza wa kesho yake.

Siku ya kukusanya nilipika kama kawaida. Dumu nililifunga kwenye mfuko mweusi nikalificha chooni nyuma ya ndoo. Saa nane nikaenda. Kwanza nikakojoa kwenye kopo, kisha nikalitazama. Ulikuwa mkojo wa rangi ya chai iliyosahaulika jikoni, una ukungu, na chini kuna vumbi limeanza kutulia. Mtu mzima, nimeishi maisha yangu yote kwa kuuza vitu vinavyopitisha mwanga, ndiyo nimpelekee mke wa mwanangu mkojo kama ule, auweke kwenye kioo, autazame, kisha jioni aje aniamkie? Nikaumwaga. Nikanywa maji glasi tano. Jioni nikajaza dumu kwa mkojo mweupe wa kupendeza, kesho yake asubuhi nikaumwaga ule mzito na kuongeza mwingine mweupe, nikafunga kifuniko, nikamkabidhi mke wangu kifua mbele. Nilijiona nimelinda heshima ya nyumba.

Baada ya siku nne mkwe wangu akaja karakana. Hakuwahi kuja saa za kazi. Nilikuwa kwenye sufuria ya tatu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," nikasema bila kugeuka.

"Nimekuja kwa ajili ya namba kumi na saba."

Mke wangu akaacha kufunga pipi.

"Majibu mabaya?" nikauliza.

"Mazuri mno, baba. Hapo ndipo yanaponisumbua." Alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba ameukumbatia, macho ameyaelekeza sakafuni kama anavyofanya akizungumza nami. "Misuli ya mtu inatoa kitu kinaitwa kreatinini. Inakitoa kila siku karibu kwa kiasi kilekile, mtu anywe maji asinywe. Kwa mtu wa mwili wako, anayekoroga sufuria tangu asubuhi, nilijua nitakuta kiasi gani. Humu kimo chini ya nusu. Sasa, ama mwenye dumu ni mtoto wa darasa la tatu, ama kuna mkojo ambao haukuingia."

Mke wangu akacheka puani. Nilimsikia.

"Unaniita mwongo? Ndani ya karakana yangu?"

"Hapana, baba. Nasema dumu ni pungufu."

"Mwambie daktari majibu ni mazuri. Yaishe."

"Nikimwambia hivyo atakuacha uendelee kama ulivyo." Hakurudi nyuma hata hatua moja. "Na figo limebaki moja. Siwezi kuandika hivyo, baba, hata ukinifukuza."

Damu ikanipanda. Nikageuka, nikaanza kumweleza mimi ni nani, nimeanza kazi hii lini, na kwamba hajazaliwa mtu wa kunifundisha namna ya kukojoa. Nilikuwa naongea huku namnyooshea brashi, na brashi ile ndiyo ilipaswa kuwa kwenye sufuria. Ndimu nilizozikata asubuhi zilikuwa bado ubaoni, sijazikamua. Halafu nikasikia sufuria imebadilisha sauti. Shira inayochemka vizuri inanong'ona, hii ilinyamaza. Nilipoitazama, upande mmoja ulikuwa umeshaingia weupe, na weupe ule ukatambaa mpaka upande wa pili, na mwiko wangu ukasimama wima wenyewe katikati ya kilo nane za chenga.

Mke wangu aliangalia dari. Nilizima moto nikakaa kwenye gunia.

"Imekuwaje, baba?" mkwe wangu akauliza.

Hakuuliza kwa kunisuta. Alisogea, akainama juu ya sufuria, akatazama kwa makini kabisa, kama mtu aliyekuja kujifunza. Na mimi nina udhaifu mmoja: ukiniuliza habari za sukari siwezi kunyamaza, hata nikiwa nimekukasirikia.

"Sukari ni nyingi, maji ni machache," nikasema. "Hapo tayari inatafuta sababu. Inabaki majimaji kwa sababu tu haijapata pa kuanzia. Sasa punje imedondoka kutoka kwenye ukingo, maana sikupiga brashi. Punje moja inaita wenzake. Na ndimu sikutia. Ningetia ndimu, zingepata shida kushikana."

"Maji machache, punje ya kuanzia, na hakuna cha kuzizuia zisishikane."

"Ndiyo hivyo."

"Baba, umeshanieleza figo lako."

Nilimtazama. Akavuta kiti kidogo cha mke wangu, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nyumbani kwetu aliongea nami akinitazama usoni.

Alisema mkojo wa kila mtu una kalsiamu na una oksaleti, na viwili hivyo vikikutana vikiwa vimekolea vinaunda fuwele. Lakini mkojo huohuo una walinzi wake. Ipo magnesiamu, zipo protini fulani zinazozipaka fuwele changa zisikue, na ipo sitreti, ambayo ni ndugu wa ukali wa ndimu. "Sitreti inaishika kalsiamu kabla oksaleti haijaishika. Kwenye sukari ndimu inafanya kazi kwa njia nyingine, usije ukaenda kusema mkwe wako kakwambia ni kitu kilekile. Ila mwisho wake unafanana. Mtu anaweza kuwa na kalsiamu ya kawaida kabisa na akatengeneza mawe, kwa sababu walinzi wake ni wachache. Hiyo ndiyo kazi yangu, baba. Natafuta walinzi."

Miaka minne ameolewa kwetu, na mimi nilimwomba chumvi.

"Nilimwaga," nikasema. "Ule wa saa nane. Na wa asubuhi."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mchafu. Nisingeweza kukupa wewe."

"Ningeambiwa nichague mkojo mmoja tu katika saa zote ishirini na nne," akasema, "ningechagua huo wa saa nane. Huo uliomwaga ndio niliokuwa nautaka."

Mke wangu akatupa karatasi za pipi mezani. "Lete dumu jingine, mwanangu," akasema. "Safari hii nitasimama mlangoni mimi mwenyewe."

Akasimama kweli. Dumu la pili lilikuwa la aibu tupu: mililita mia nane kwa siku nzima, rangi ile ile ya chai. Kreatinini ilitimia. Sitreti ilikuwa ndogo mno, oksaleti iko juu, na hapo siri nyingine ikafichuka, kwa sababu mimi huonja pipi za karanga kila sufuria, konzi moja hapa konzi moja pale, na karanga zina oksaleti nyingi. Tena nilikuwa nimeacha maziwa kwa akili yangu mwenyewe, baada ya kusikia mawe ni ya kalsiamu. Mkwe wangu akaniambia nimefanya kinyume. Kalsiamu ya chakula huikamata oksaleti tumboni, ikatoka nayo kwa njia nyingine, isifike kwenye figo. Daktari alipoyasoma majibu alikubali yote, akaongeza vidonge vya sitreti, akaniagiza nitoe mkojo usiopungua lita mbili na nusu kwa siku.

Lakini kabla sijaanza hata kidonge kimoja, mkwe wangu aliniita maabara. Nilivaa shati la sikukuu. Chumba chenyewe ni kidogo kuliko karakana yangu: meza ndefu nyeupe, friji mbili, rafu za chupa zenye namba, na dirisha moja linalotazama ukuta. Akaniweka kwenye hadubini.

"Hili ni tone la namba kumi na saba, baba. Nimelitia oksaleti kidogo, basi. Tazama."

Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha nikaziona. Zilikuwa zinatokea pale pasipokuwa na kitu, ndogo, za pembe nne, na kila moja ina mistari miwili iliyokatana katikati kama mgongo wa bahasha. Zilikuwa safi. Pembe zimechongoka, mwanga unapita, hakuna ukungu. Nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja na sijawahi kupata kona kali namna ile.

"Kazi nzuri," nikasema kabla sijajizuia.

"Nzuri sana," akasema mkwe wangu. "Tatizo ni mahali inapofanyikia."

Tulicheka wote wawili mpaka wenzake wakageuka. Halafu akaniwekea tone la pili, mkojo uleule, oksaleti ileile, ila hili alikuwa ameliongezea sitreti. Nilingoja. Nikangoja tena. Zikatokea mbili tatu, dogodogo, zimetawanyika kila moja kivyake, zikabaki hivyo. Nilikaa kwenye kioo kile mpaka shingo ikaniuma. Yule binti alikuwa amesimama nyuma yangu kimya, naye alikuwa anajua anachokifanya kama mimi ninavyojua shira, na mimi nilikuwa nimemficha kwa watu kama dumu kwenye mfuko mweusi. Nilijisikia vibaya, na papo hapo nilivimba kwa fahari. Sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kifua kimoja.

Ikabaki sufuria. Kunywa maji ni rahisi, lakini maji yakiingia yanataka kutoka, na shira haiachwi. Siku ya kwanza nilijikaza kisabuni nikabana mpaka magoti yakagongana. Mke wangu akainuka mezani, akaninyang'anya mwiko.

"Nenda."

"Hujui inapofika..."

"Miaka thelathini na mmoja nimekaa hapa mita moja. Nasikia inavyonong'ona hata nikiwa nimelala. Nenda, mwanaume."

Nikaenda. Niliporudi alikuwa ameshakamua ndimu na anapitisha brashi kwenye kingo taratibu, mkono umelegea kuliko wangu. Tulipoimwaga shira ile kwenye meza ya marumaru nikachukua kipande nikakielekeza dirishani kutafuta kosa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mtu mwenye shati la kijani. Nikakiweka chini. Tangu siku hiyo sufuria ya pili na ya nne ni zake.

Miezi sita ilipita. Wiki iliyopita daktari alipiga picha nyingine. Kile kijiwe kidogo kilishajitokea chenyewe. Nilikikamata kwenye chujio nikampelekea mkwe wangu ndani ya kibiriti kama mtu anayepeleka pete. Kile cha punje ya mchele kipo palepale, hakijaongezeka hata unywele, na hakuna kipya. Daktari alisema figo linafanya kazi yake. Akataka dumu moja la mwisho la kuthibitisha.

Jana ilikuwa Alhamisi. Duka lilijaa, na mwalimu mstaafu alikuwa mbele ya foleni. Nilikuwa nampimia robo yake.

"Na yule mkwe wako wa kemikali kemikali," akauliza, "hajambo?"

Nikaiweka mizani chini.

"Hajambo, mwalimu. Lakini si wa kemikali kemikali. Anasoma mkojo. Anajua kitu gani ndani ya mkojo kinajenga jiwe na kitu gani kinalizuia, na mjini kwetu hakuna anayemfikia. Wangu aliusoma. Nilimdanganya, akaniambia usoni kwamba dumu ni pungufu, na ndiyo maana unaniona nimesimama hapa, silali kwenye mashine."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani yake.

"Kwa nini siku zote ulikuwa hunambii?"

"Ujinga," nikasema.

Wakati huohuo mkwe wangu akaingia kwa mlango wa mbele, akitokea kazini, amekuja kuchukua dumu. Alipoona watu wamejaa akanipa ishara kwa macho kwamba angezungukia nyuma. Nikamwambia asubiri hapohapo. Nikavua aproni, nikapita karakana ambako mke wangu alikuwa kwenye sufuria ya nne, nikanawa, nikalichukua dumu. Mfuko mweusi ulikuwa umetundikwa msumarini. Niliuacha pale.

Nikatoka nalo kwa mlango wa kati, nikapita upande wa wateja, mbali na pipi, mbele ya foleni yote. Dumu lilikuwa zito, na mwanga wa mlangoni ulipita ndani yake. Watu wakanipisha. Mkwe wangu alikuwa ameinamisha uso, midomo inamcheza, sijui alikuwa anataka kucheka au kulia. Nikampa kwa mikono miwili.

"Saa ishirini na nne, mama," nikamwambia. "Na wa saa nane umo."